Jina la Saba

Jumamosi ya mwisho ya Januari, saa tatu asubuhi, Marivic Tulabing alitandika gazeti juu ya friza la barafu ili fomu ya Kampuni ya sabuni na krimu isilowe, akang'oa kifuniko cha kalamu kwa meno, akaanza kufikiri ni nani awe mtu wake wa saba. Sita alikuwa nao. Wa saba, Belen, alikuwa amepata kazi ya kulea watoto Hong Kong, akaondoka Alhamisi na kumwachia mkoba wa katalogi mlangoni bila hata kubisha hodi.

Kiongozi wa Daraja la Waridi sharti awe na watu saba chini yake, kila mwezi, na orodha ifike kabla ya saa sita mchana ya siku ya mwisho. Akiwa na sita anateremshwa kuwa Chipukizi, na ile sehemu anayopata kutokana na jasho la watu wake inakatika siku hiyohiyo. Sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsomesha Jovelyn, mwanawe wa pekee, mwaka wa mwisho wa uuguzi huko Bacolod. Chuo hakikuwa na mzaha. Asiyelipa haingii wodini, na asiyeingia wodini hamalizi.

Tangu Alhamisi Marivic alikuwa ameuzunguka mji wa Bago mpaka ndala zikamkatikia. Muuza samaki alikuwa tayari chini ya Madamu Charito. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa chini ya muuza samaki. Mpishi wa padri alikuwa chini ya mwalimu, na ndiye aliyemchangamkia Marivic kuliko wote, kwa sababu naye alikuwa akitafuta mtu wa saba. Wanawake wa mji mzima walikuwa wakiuziana sabuni ya kung'arisha ngozi, huyu kwa yule na yule kwa huyu, na waume zao wakioga kwa hiyohiyo kwa kuwa nyumbani hapakuwa na nyingine.

Ndani ya droo, chini ya mishumaa, kulikuwa na kitambulisho cha wazee cha mama yake, Purificacion Tulabing, ambaye watu wote walimwita Nanay Puring, yaani Mama Puring. Mama alikuwa amekufa miaka minne iliyopita, lakini kitambulisho kiliendelea kufanya kazi: Marivic alikwenda nacho duka la dawa, akapunguziwa bei ya vidonge vyake vya presha. Nusu ya mji walifanya hivyo na mfamasia alijua, kwa sababu naye alifanya hivyo. Marivic akanakili jina na namba. Akatia na sahihi, herufi mojamoja, nzito, jinsi mama yake alivyokuwa akiandika.

Saa tano na nusu Madamu Charito alipita kuchukua orodha. Yeye ndiye aliyekuwa juu ya Marivic, na mwavuli wake ulilingana na viatu vyake. Alilisoma lile jina la saba. Alikuwepo kwenye mazishi, tena alishika shada.

"Nanay Puring," alisema. "Amekuwa mzito kujiunga, lakini hajachelewa."

Akaitia fomu kwenye mkoba, akaomba barafu ya kwenda nayo.

Jumanne saa moja asubuhi Nanay Puring alikuja.

Marivic alikuwa akikaanga samaki wakavu. Mama yake alisimama mlangoni na gauni lake la buluu, lile la mazishi, ambalo mwosha maiti alilichana mgongoni kutoka shingo mpaka pindo ili kumvisha kwa urahisi. Alikuwa amelishikiza kwa vibanio vitano vya kuanikia nguo. Alikuwa pekupeku. Marivic mwenyewe ndiye aliyemvua viatu siku ile kabla jeneza halijafungwa, kama desturi inavyotaka, ili marehemu asipate wazo la kutembeatembea.

"Umeniandika," Nanay Puring alisema.

"Nimekuandika, Nanay."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza vipi?"

"Siku ya wafu ulikuja na wali wa nazi, ukakaa juu yangu tangu asubuhi unacheza karata na shangazi zako. Ungeuliza pale."

Marivic alipunguza moto. Akageuza samaki. Alipompa kahawa, mama yake aliishika kwa mikono miwili, akaacha ipoe bila kuinywa.

"Ni jina tu," Marivic alisema. "Hutakiwi kufanya lolote. Fungu lako la sabuni la mwezi nitalinunua mwenyewe."

"Kwa pesa ipi? Nimechungulia chini ya kitanda. Una maboksi ya krimu mpaka ukutani. Nyumba inanuka waridi kuliko kule nilikotoka." Nanay Puring akaweka kikombe chini. "Fomu inasema nianze ndani ya siku tatu. Leo ni ya tatu. Nipe mkoba."

Mama yake alifua nguo za watu miaka thelathini na mmoja. Alifua mashuka ya mabwana wa miwa, akafua sare za askari, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana hata siku za sikukuu. Siku ya mazishi Marivic alishika ukingo wa jeneza akasema kwa sauti, watu wote wakisikia: "Basi, Nanay. Pumzika. Hutafanya kazi tena." Watu walilia kwa maneno hayo kuliko kwa mahubiri ya padri.

Alimpa ule mkoba wa Belen. Akampa pia ndala zake mpya, maana za zamani zilikuwa zimekatika. Mama yake alizivaa, akazisifu, akaenda.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mke wa mwenye pikipiki za vigari, mwanamke asiyetoa hata senti mfukoni bila ugomvi. Watu husema alifungua mlango tayari na neno "kesho" mdomoni, akamwona mzee, akalimeza. Aliyekufa huwezi kumwambia arudi kesho. Alimkaribisha, akamwekea kiti.

"Nanay Puring, mbona umekuwa mweupe hivyo?" aliuliza baada ya kumtazama vizuri. "Unatumia ipi?"

"Nilikufa, Inday." Ndivyo alivyomwita kila mwanamke mdogo kwake.

"Najua. Lakini unatumia ipi?"

Nanay Puring alifungua katalogi mahali popote, akaweka kidole. Mke wa mwenye pikipiki akaagiza tatu.

Ilikuwa hivyo nyumba hadi nyumba. Weupe ule haukuwa na doa, hata kwapani, hata visiginoni, na wanawake wa Bago walikuwa wameutafuta tangu usichana. Nanay Puring hakumdanganya mtu. Kila alipoulizwa alisema amekufa, nao walitikisa kichwa kwa adabu, wakaagiza. Siku ya kukusanya malipo hakuna aliyejificha chooni wala aliyemtuma mtoto aseme mama hayupo. Saa kumi na moja alirudi na oda zake, akaziweka mezani, akarudi makaburini kwa miguu.

Mwisho wa Februari alikuwa amewapita wote sita. Jumatatu iliyofuata, kwenye kikao sebuleni kwa Madamu Charito, alikalishwa kiti cha mbele, chini ya feni, vibanio vikigusa mgongo wa kiti.

"Mtazameni huyu," Madamu Charito aliwaambia wanawake. "Amekufa miaka minne na hajakosa lengo. Nyinyi mnaniletea habari za mafua. Haya, nani ana sababu?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Walipiga makofi. Nanay Puring alipewa taulo jekundu lililotariziwa nembo ya Kampuni, naye akalipapasa kwa kidole gumba akajua litachuja rangi.

Marivic alipiga makofi pamoja na wenzake. Tangu Jumanne ile hakuweza kukaa kitako. Alikuwa akiosha vikombe safi. Alikuwa akipanga maboksi, anayapangua, anayapanga tena. Akisikia ndala barabarani anainuka kwenda mlangoni, na mara nyingi hazikuwa ndala za mama yake. Pesa ya chuo ilikwenda Bacolod kwa wakati, mara ya kwanza tangu mwaka uanze, na hata hilo halikumtuliza.

"Kule unalala, Nanay?" alimuuliza siku moja.

"Zamani nililala. Sasa nikijinyoosha tu nakumbuka nani hajaagiza. Majirani wananilalamikia, wanasema nagaagaa."

"Basi ukae hapa nyumbani, usiende tena."

"Nikikaa, lengo litafikiwa na nani?"

Jovelyn alikuja mwisho wa wiki na kipimo chake cha presha cha mazoezi. Alimfunga bibi yake mkononi, akapuliza, akasikiliza. Akajaribu mkono wa pili.

"Haipo, Lola."

"Andika tu haipo."

Jovelyn akaandika. Kisha alimkagua nyayo. Ngozi ya visigino ilikuwa imelika, na kwa kuwa marehemu haoti nyingine, ilikuwa imelika moja kwa moja. Alimfunga bendeji kwa utaratibu aliofundishwa. Alipomtupia mama yake jicho, Marivic aligeuka akaanza kukung'uta pazia.

Mwezi Machi wanawake wengine walishtukia njia. Muuza samaki alimwandika baba yake mkwe. Mwalimu aliwaandika dada zake wawili waliofia mafurikoni. Mpishi wa padri, ambaye hakuwa na ndugu, alizunguka makaburini na daftari akichagua majina yenye sura ya uchapakazi. Kampuni haikumkataa mtu. Ilipofika Pasaka, ungeweza kukaa dirishani asubuhi moja ukapitiwa na marehemu watano, wote na mikoba ya waridi, wanasalimiana kwa heshima na kuulizana mtaa gani haujapitiwa. Wengine walikuwa wamekaa chini muda mrefu kuliko Nanay Puring, na waliuza kidogo, kwa sababu hapakubaki sana cha kupaka.

Madamu Charito alimjia Nanay Puring na fomu tupu ishirini. "Wewe kule unajulikana. Wakikuona wewe watakuja."

"Wale wamelala," Nanay Puring alisema.

"Ndiyo maana nakupa wewe. Mimi nikiwaita hawanisikii."

"Mimi mtu aliyelala simwamshi. Niliamshwa, najua."

Madamu Charito alicheka kwa upole, akampiga begani kidogo, akaziacha fomu mezani kwa Marivic.

Aprili mambo yakarudi palepale. Kila nyumba ilikuwa na marehemu wake, na kila marehemu alikuwa na sabuni ileile, na huwezi kununua kwa mzee wa jirani ukamwacha wako. Malengo yalikuwa yamepandishwa kwa sababu ya mauzo ya Februari. Nanay Puring alianza kuvuka daraja kwenda mashambani, kwenye vijiji vya wakata miwa, ambako watu walinunua kipande cha sabuni kwa wanne wakakigawana kwa uzi. Jua la mwezi ule lilikuwa la kuchemsha lami. Alirudi jioni lami imemganda kwenye bendeji, majani ya miwa yamemchana mikono, na michano ilibaki wazi, misafi, isiyo na damu. Siku moja alipanda ngazi tatu za nyumba kwa muda ambao Marivic alichemsha wali ukaiva.

Alikuwa mama yake, na alikuwa amechoka. Marivic aliyaona hayo mawili kwa pamoja, akashindwa kula.

Kesho yake alivaa blauzi ya kanisani, akapanda basi kwenda ofisi ya Kampuni Bacolod na cheti cha kifo ndani ya mfuko wa plastiki. Alipewa namba, akakaa kwenye kiti cha chuma, akainuka, akakaa, akainuka. Kijana wa dirishani aliitwa Rodel, mpole, ana nywele zilizochanwa kwa maji. Alimwita Dada na kumpa maji ya kunywa.

"Nataka kumtoa mtu wangu," Marivic alisema. "Amekufa."

"Pole sana, Dada. Hilo rahisi, akifa anatolewa." Rodel alikisoma cheti, akaingiza tarehe kwenye kompyuta, akangoja, akaingiza tena. "Mfumo unakataa. Cheti hiki ni cha kabla hajajiunga. Tunahitaji cha baada."

"Hawezi kufa mara ya pili."

"Naelewa, Dada. Lakini huu mmoja aliutumia kabla hajawa mwanachama, hauhesabiki kwetu." Aliishusha sauti kwa huruma, na ilikuwa huruma ya kweli. "Njia iliyopo ni urithi. Jina la damu yake linaingia pale, lake linatoka. Asiwe tayari mwanachama."

"Mimi niko ndani."

"Wewe uko ndani. Hana mwingine?"

Marivic alitazama nyuma ya kichwa cha Rodel, ambako palikuwa na picha ya wanawake waliovalishwa mataji. "Na mimi nikijitoa?"

"Watu wako wote wanapanda kwa aliye juu yako. Hawapotei, usiwe na wasiwasi. Mama yako ataendelea vizuri chini ya Madamu Charito."

"Na mimi nikifa?"

"Namba ya uanachama ni ya kudumu, Dada," Rodel alisema, akatabasamu kwa mara ya kwanza, kwa kuwa sehemu hii ya kazi yake aliipenda. "Kampuni haimsahau mtu."

Akampigia muhuri fomu ya urithi, akamzungushia duara mahali pa kujaza.

Ilikuwa Ijumaa jioni Marivic alipofika nyumbani. Jovelyn alikuwa amerudi na alikuwa jikoni akimenya vitunguu, na Nanay Puring alikuwa ameketi kwenye kizingiti, ameweka miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, kwa mazoea tu, maana hayakumsaidia. Marivic aliwaeleza yote kama alivyoelezwa. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza aliweka fomu sakafuni.

"Na hapa alipochora duara?" Nanay Puring aliuliza. "Pa nani?"

Marivic alitazama jikoni.

"Pangu," Jovelyn alisema kutoka jikoni. "Niandike, Mama. Nitauza hukohuko chuoni. Wenzangu wote wanataka weupe."

"Utauza lini? Uko wodini saa kumi na mbili kwa siku."

"Nitauza wodini."

Alisema hivyo akiendelea kumenya, na hakuwa anatania. Marivic alimtazama mwanawe akaona kwamba angeweza. Angeinama juu ya wagonjwa na katalogi, kwa heshima, na wagonjwa wangeagiza, kwa sababu mgonjwa naye hawezi kumwambia muuguzi arudi kesho. Kilichomtia hofu zaidi ni kwamba kwa kitambo kidogo, pale aliposimama, alikuwa amekwisha hesabu vitanda.

Nanay Puring alitoa miguu kwenye beseni. Akaiokota fomu, akaikunja mara nne, akaenda nayo jikoni polepole akishika ukuta, akaisukuma chini ya mkaa ambao Jovelyn alikuwa bado hajauwasha. Akachukua kiberiti mwenyewe.

"Huyu haandikwi," alisema. "Si leo, si nikiwa nimepotea, si wewe ukibanwa. Umenisikia, Inday?"

"Nimekusikia, Nanay."

"Nilipokuwa nafua nilikuwa najiambia nikifa nitalala. Nimelala miaka minne. Wengine hawaipati." Alipuliza moto, na kwa kuwa hakuwa na pumzi, Jovelyn akampulizia. "Nimekasirika na wewe, usidhani sijakasirika. Nitakuwa nimekasirika muda mrefu sana, na muda ninao."

Marivic akaanza kulia. Alilia wima, mikono ikitafuta kitu cha kufuta mezani. Mama yake hakumzuia wala hakumbembeleza. Alingoja amalize, kisha akarudi kizingitini, akaukung'uta mkoba wa waridi vumbi la mashamba, akaanza kupanga katalogi kwa ajili ya asubuhi.

"Kesho ni mtaa gani?" aliuliza.

Marivic alifikiri. Akaupitia mji mzima kichwani, barabara moja baada ya nyingine, akitafuta yenye miti pande zote mbili, isiyo na mbwa wala mlima, ambayo mtu mzima angeweza kwenda nayo taratibu mpaka mchana. Ilikuwepo moja, nyuma ya zahanati. Akamtajia.